Kupima damu ya trauti msimu kwa msimu: mwongozo kwa wafugaji wa nyanda za juu za Kenya

Maswali ni yale yale kila mwaka. Februari: mbona trauti wangu wamejikusanya kwenye lango la maji na hawagusi chakula? Mei: matamvua yamepauka, je, ni upungufu wa damu? Julai: nimenunua kipima sukari cha binadamu, kinafaa kwa samaki? Mwongozo huu unajibu hayo kwa pamoja. Unakuonyesha namna ya kuchukua damu, kuipima kwa vifaa vinavyopatikana, na kuyasoma majibu ukizingatia msimu uliomo.

Tumeuandika kwa ajili ya anayefuga trauti wa upinde wa mvua kwenye mifereji ya saruji au mabwawa yanayopitisha maji ya mito ya Mlima Kenya na Aberdare, kati ya mita 1,800 na 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kama uko kwenye miinuko ya Tanzania ambako mvua ni msimu mmoja, hatua ni hizi hizi. Badilisha miezi tu.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Mambo manne yanatosha kuanzia.

La kwanza ni oksijeni ya miinukoni. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Kwenye mita 2,000 maji hayo hayo hubeba karibu 7.9 tu. Yakipanda joto hadi nyuzi 20, kiwango hushuka hadi kama 7.1. Trauti anahitaji walau 6 muda wote, na chini ya 5 anaanza kuumia. Kwa hiyo mchana wa Februari maji yako yanaingia na akiba ya miligramu moja tu juu ya mahitaji, na samaki wa mwanzo wa mfereji wanaimaliza kabla haijafika kwa wa mwisho. Vitabu vingi vya trauti vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako tatizo la msimu ni barafu. Kwetu tatizo kubwa ni pengo hili dogo la oksijeni, pamoja na tope.

La pili: samaki akishtuka, homoni hulifanya wengu limwage akiba yake ya chembe nyekundu kwenye damu, na chembe zenyewe huvimba. Yote hayo hutokea ndani ya dakika chache. Ukimkimbiza samaki na wavu kwa dakika kumi kisha ukapima damu yake, umepima ule mkimbizano. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi, na ndiyo sababu hatua nyingi zilizo hapa chini zinahusu utulivu na muda.

La tatu: sukari ya damu hupanda polepole kuliko kotisoli, homoni ya msongo. Kotisoli huanza kupanda ndani ya dakika chache, wakati sukari huendelea kupanda kwa saa kadhaa. Sukari iliyo juu kwa samaki aliyevuliwa dakika mbili zilizopita inakueleza jambo lililotokea asubuhi hiyo au usiku uliopita, mradi hajala.

La nne: upungufu wa damu haufiki kwa siku moja. Chembe nyekundu za samaki huishi muda mrefu na hutengenezwa taratibu, hasa maji yakiwa baridi. Ukikuta damu nyepesi Juni, mtafute mhalifu Aprili na Mei.

Misimu yetu na inavyoonekana kwenye damu

*Januari hadi katikati ya Machi, kiangazi.* Mito inapungua, na mingine, kama Burguret na Naro Moru, huchotwa sana kwa umwagiliaji kabla haijafika chini. Maji machache, joto la mchana, oksijeni kidogo, amonia nyingi. Tarajia hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ipande, kwa kuwa mwili unatafuta njia ya kubeba oksijeni zaidi. Sukari nayo hupanda samaki wakibanana.

*Mwishoni mwa Machi hadi Mei, masika.* Maji ni mengi na yana baridi nzuri, lakini yamebeba tope. Chembechembe za udongo hukwaruza matamvua, ute huongezeka, na samaki hukosa pumzi katika maji ambayo kipimo kinasema yana oksijeni ya kutosha. Wiki za mwanzo hematokriti hupanda. Tope likiendelea na samaki wakila kidogo au matamvua yakipata vidonda, huanza kushuka. Kwa maoni yetu huu ndio msimu unaoharibu damu kuliko yote, ingawa wafugaji wengi huogopa zaidi kiangazi kwa sababu ndicho kinachoua samaki wengi kwa siku moja.

*Juni hadi Agosti, baridi na ukungu.* Maji huwa kati ya nyuzi 8 na 12 kwenye mashamba ya juu. Samaki hutulia, hutumia oksijeni kidogo, na mara nyingi hematokriti hushuka pointi chache. Huo si ugonjwa. Tatizo la msimu huu ni kwamba kila kitu hupona polepole: jeraha dogo la wavu hugeuka kuwa utando mweupe wa kuvu kama pamba.

*Septemba hadi Desemba.* Septemba na mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli, ndicho kipindi tulivu zaidi kwa mashamba mengi ya kusini na mashariki ya mlima. Chukua vipimo vyako vya msingi hapo, yaani vile utakavyolinganisha navyo misimu mingine. Upande wa Laikipia mvua hufuata mpangilio wake, na Julai na Agosti zinaweza kuwa na mvua, kwa hiyo angalia daftari lako la maji kabla ya kuchagua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa ajili ya maji: kipimajoto, kipima oksijeni (cha kuazima kinatosha), na vijiti au matone ya kupimia amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na taka za samaki.

Kwa ajili ya samaki na damu:

- Wavu wa mkono usio na mafundo, na ndoo mbili za lita 20.
- Pampu ndogo ya hewa ya betri yenye jiwe la kutoa mapovu.
- Sponji nene iliyokatwa mfereji katikati, ya kumlazia samaki.
- Mabomba ya sindano ya mililita 2.5 na sindano za geji 21 au 23. Kila samaki na sindano yake mpya.
- Heparini ya kuzuia damu isigande, kichupa cha uniti 5,000 kwa mililita. Ni dawa, kwa hiyo ipate kupitia daktari wa mifugo.
- Vichupa vidogo vya mililita 2 vyenye vifuniko, na kalamu isiyofutika.
- Mirija myembamba ya kioo ya hematokriti na udongo wake wa kuziba.
- Kipima sukari cha binadamu na vijiti vyake, vyote vya aina moja na toleo moja.
- Sanduku la barafu, taulo, glovu, na chombo kigumu cha kutupia sindano.
- Mafuta ya karafuu ya kumlaza samaki usingizi, kama samaki watarudi majini. Tafuta mafuta halisi ya vikonyo vya maua, kama yale ya Pemba. Yale ya kupaka mwilini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi au ya mboga hayafai kabisa.
- Ethanoli safi ya asilimia 95 ya kuyeyushia karafuu. Spiriti ya kusafishia vidonda ina vitu vingine ndani yake, usiitumie.

Mashine ya kuzungusha mirija ya damu si lazima uinunue. Baadhi ya zahanati na vyuo vya mifugo wanayo. Zungumza nao siku kadhaa kabla, na uhakikishe unaweza kufika kwao ndani ya saa moja tangu kuchukua damu. Hilo la saa moja ni la muhimu kuliko ubora wa mashine yenyewe.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku na saa, kisha usizibadilishe. Pima mara nne kwa mwaka: Februari, mwishoni mwa Mei, Julai na Septemba. Kila mara iwe kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kwa siku tatu kabla, usichambue samaki kwa ukubwa, usisugue mfereji, usihamishe.

2. Wanyime chakula saa 24. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, fanya saa 48. Trauti hawezi kushughulikia wanga vizuri, na sukari yake hubaki juu kwa muda mrefu baada ya chakula chenye pumba au unga mwingi wa mahindi. Anayelisha chakula cha kujitengenezea atasoma sukari ya juu na kudhani ni msongo, kumbe ni mlo wa jana.

3. Pima maji kwanza. Joto na oksijeni kwenye lango la kuingilia na la kutokea, kisha nitraiti na amonia kwenye la kutokea. Andika pia kama unaona mkono wako ukiuzamisha hadi kwenye kiwiko. Ni kipimo duni cha tope, lakini ukikifanya kila mara kwa namna ile ile kitakusaidia.

4. Chagua samaki kumi wanaofanana. Gramu 250 hadi 400, wote wa mfereji mmoja. Waliokomaa, yaani majike yenye tumbo la mayai na madume yenye taya lililopinda, waache au uwaandike kando. Damu ya samaki aliye kwenye kutaga hubadilika kwa sababu zake, na madume mara nyingi huwa na hematokriti ya juu kuliko majike.

5. Amua: kuvuna au kurudisha. Kama ni siku ya kuvuna, njia bora kuliko zote ni kumtoa samaki mmoja, kumpiga pigo moja thabiti kichwani juu kidogo ya macho, na kuchukua damu papo hapo, ndani ya dakika moja. Hakuna dawa, hakuna muda wa msongo, na samaki anaenda sokoni kama kawaida. Kama unamrudisha majini, tumia karafuu kama ilivyo kwenye hatua ya 6.

6. Tengeneza maji ya karafuu. Changanya sehemu moja ya mafuta na sehemu tisa za ethanoli, tikisa. Mimina mililita 8 za mchanganyiko huo kwenye lita 20 za maji ya mfereji ule ule, koroga vizuri, washa mapovu. Hiyo ni kama miligramu 40 za mafuta kwa kila lita. Weka samaki wawili tu kwa wakati mmoja. Ndani ya dakika mbili au tatu watapinduka na wataacha kujibu ukibana mkia, lakini vifuniko vya matamvua lazima viendelee kupigapiga. Visiposogea, mrudishe kwenye maji safi mara moja. Usiiache ndoo ukaenda kupokea simu: kila dakika ya ziada humkosesha samaki pumzi na kupandisha hematokriti. Na samaki aliyetiwa karafuu asiuzwe wala kuliwa hadi daktari wa mifugo akuelekeze muda wa kusubiri.

7. Pitisha heparini. Vuta kidogo kwenye bomba, lisukume lote nje, vuta hewa, sukuma tena. Unyevu uliobaki kwenye kuta unatosha. Tone zima likibaki ndani litazimua damu, na utamtangaza samaki mzima kuwa ana upungufu wa damu.

8. Chukua damu kwenye mkia. Mlaze samaki chali kwenye sponji iliyolowa. Tafuta pezi la mkundu, kisha sogea nyuma yake kidogo kuelekea mkiani, katikati kabisa ya upande wa tumbo. Ingiza sindano kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi hadi uhisi ncha imegusa mfupa wa mgongo. Rudisha nyuma kidogo mno, karibu milimita moja, kisha vuta taratibu. Damu itaingia yenyewe. Samaki wa gramu 300 ana damu kama mililita 12. Usichukue zaidi ya mililita moja kwa yule anayerudi majini. Tangu wavu kugusa maji hadi damu kuingia kwenye bomba zisipite dakika tano kwa njia ya karafuu.

9. Funga jeraha. Bonyeza kwa kidole gumba sekunde 30 hadi 60, kisha mtie kwenye ndoo ya maji safi yenye mapovu mpaka aogelee wima mwenyewe.

10. Sukari kwanza. Tone la kwanza liende kwenye kijiti cha kipima sukari hapo hapo shambani. Vipima sukari vingi havifanyi kazi chini ya nyuzi 10, na asubuhi za Julai huko juu hukataa na kuonyesha kosa. Kiweke kwenye mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kukitumia.

11. Hamisha damu bila kuipasua. Ondoa sindano kwanza, kisha sukuma damu taratibu kwenye kichupa ikitiririka ukutani. Ukiisukuma kupitia sindano, chembe hupasuka. Funga, geuza juu chini mara nane bila kutikisa. Andika namba. Weka kwenye barafu huku taulo likitenganisha: damu ikigusana moja kwa moja na barafu nayo hupasuka.

12. Zungusha hematokriti. Jaza mirija miwili kwa kila samaki hadi robo tatu, ziba upande mmoja kwa udongo, ipange ikitazamana ili mashine isiyumbe. Dakika tano kwa mizunguko 10,000 hadi 12,000 kwa dakika. Pima kwa rula urefu wa nguzo nyekundu na urefu wote wa damu bila udongo. Mfano: nyekundu milimita 22, yote milimita 62, basi 22 gawanya kwa 62 ni asilimia 35. Utepe mwembamba mweupe ulio juu ya wekundu ni chembe nyeupe, usiuhesabu kwenye wekundu. Mirija ya samaki mmoja ikipishana zaidi ya pointi mbili, rudia.

13. Hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, kama maabara ipo. Waambie mapema kwamba ni damu ya samaki. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, tofauti na za binadamu, kwa hiyo mashine ya kuhesabu damu ya hospitali hutoa majibu yasiyo na maana. Kwa njia ya Drabkin, ambayo damu huchanganywa na dawa ya kupimia hemoglobini, viini hubaki vikielea na kuchafua kimiminika. Lazima kizungushwe na kusomwa sehemu ya juu iliyo safi, kwenye mwanga wa nanomita 540. Bila hivyo namba itatoka juu kuliko ukweli. Dawa hiyo ina sayanidi, basi mwachie mtaalamu wa maabara aishike yeye.

14. Andika yote kwenye ukurasa mmoja. Tarehe, saa, mvua ya juzi na jana, vipimo vya maji, uzito wa kila samaki, sekunde za kumkamata, hematokriti, sukari, hemoglobini, rangi ya damu na ya matamvua. Safu ya sekunde za kumkamata wengi huiruka. Ndiyo itakayokuokoa baadaye unapojiuliza kwa nini samaki wa nane, wa tisa na wa kumi wana namba za juu kuliko wa kwanza.

Kusoma majibu

Linganisha wastani wa msimu na wastani wako wa Septemba, mfereji kwa mfereji. Namba za jumla ni za kukupa mwelekeo tu: trauti mtulivu huwa na hematokriti kati ya 30 na 42, hemoglobini kama gramu 6 hadi 9 kwa desilita, na sukari kama miligramu 60 hadi 100 kwa desilita, ambayo ni milimoli 3.3 hadi 5.6 kwa lita. Kipima sukari cha binadamu mara nyingi husoma chini kwa damu ya samaki. Kinafaa kukuonyesha kupanda na kushuka. Namba yake usiinukuu kama ukweli kamili.

Ukiwa na hemoglobini, fanya hesabu moja inayofaa kuliko zote: igawanye kwa hematokriti, zidisha kwa 100. Samaki mwenye hemoglobini 8.0 na hematokriti 35 anapata 22.9, ambayo ni sawa. Mwingine mwenye hemoglobini 8.0 na hematokriti 45 anapata 17.8. Huyu hana damu nyingi zaidi. Chembe zake zimevimba kwa mshtuko, na pengine mshtuko huo ni wa wavu wako. Hematokriti na hemoglobini zikipanda pamoja, hapo mwili umeongeza chembe kweli, na mara nyingi ni oksijeni inayotafutwa.

Hematokriti chini ya 25 kwa samaki zaidi ya watatu kati ya kumi ni ya kufuatilia. Chini ya 20 ni upungufu wa damu, mwite daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi. Sukari iliyozidi mara moja na nusu ya msingi wako, kwa samaki waliokamatwa haraka na waliofunga kula, ina maana walikuwa na msongo kabla hujafika.

Cha kufanya kila msimu

Kwa kiangazi, kazi inaanza Desemba. Uza samaki wakubwa hotelini kabla ya sikukuu na uingie Januari na mzigo mdogo majini. Kuanzia hapo pima joto saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Likipita nyuzi 18 alasiri, punguza chakula hadi nusu na ulishe asubuhi tu. Likifika 20, usilishe kabisa: samaki aliyekula hutumia oksijeni nyingi zaidi kwa saa kadhaa, na hiyo oksijeni hunayo. Fanya maji yaanguke kwa kimo kwenye lango, hata sentimita 30 juu ya ubao wenye matundu husaidia. Usichambue wala kusafirisha samaki Februari.

Masika yakianza, jenga au safisha bwawa la kutulizia tope kabla ya maji kuingia kwenye mfereji, na kagua vyandarua vya milangoni asubuhi na jioni. Mafuriko yakija, acha kulisha mpaka uone tena mkono wako majini. Trauti hula kwa kuona. Chakula kisichoonekana huzama, huoza, na kuongeza amonia. Usifunge lango la maji ili kuzuia tope kama huna pampu ya hewa, kwa maana utamaliza oksijeni kabla mto haujatulia. Tope likiisha, mwangalie samaki mmoja chini ya kifuniko cha matamvua: yawe mekundu na nyuzi zake zitengane, bila ute mzito wa kijivu.

Baridi inataka kuachwa peke yake. Punguza chakula kufuata hamu yao, epuka wavu, na waliopata jeraha waogeshe kwenye chumvi, gramu 10 kwa lita kwa dakika kumi, wakiwa na mapovu na wewe ukiwa umesimama hapo.

Chakula kiangalie msimu wote, hasa gunia lililokaa mwezi mzima wa ukungu. Mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E, na chembe nyekundu hupasuka kirahisi. Ukinusa harufu ya rangi ya mafuta au ya samaki mkavu aliyeoza, usiwape.

Mambo yakienda kombo

*Damu imeganda kwenye bomba.* Umechukua muda mrefu au heparini haikufika hadi kwenye sindano. Tupa sampuli hiyo. Usijaribu kuivunja bonge na kupima kinachobaki.

*Sehemu ya juu ya mrija ni nyekundu badala ya njano nyepesi.* Chembe zimepasuka. Kwa kawaida ni kuvuta kwa nguvu, kusukuma kupitia sindano, au barafu. Kama umefanya yote vizuri na samaki wote wako hivyo, chunguza chakula na umwite daktari.

*Sindano inatoa maji tu, au haitoi kitu.* Uko pembeni ya mstari wa katikati, au ncha imezama kwenye mfupa. Rudisha nyuma kidogo bila kuitoa, elekeza upya mara moja. Ikishindikana tena, mwache samaki huyo na uchukue mwingine.

*Samaki wa kwanza wana hematokriti 34, wa mwisho 46.* Umewakimbiza. Mara nyingine zuia sehemu ndogo ya mfereji kwa chandarua jioni ya siku iliyotangulia, samaki kumi na tano wawe ndani, asubuhi wachote wawili wawili.

*Hematokriti ni sawa lakini samaki wanahema juu ya maji.* Tazama rangi ya damu. Ikiwa ya kahawia kama chokoleti, ni nitraiti: hemoglobini ipo lakini haibebi oksijeni. Maji ya mlimani yana kloridi kidogo, na hivyo nitraiti huingia mwilini kirahisi hata ikiwa kidogo. Acha kulisha, ondoa kinyesi chini, ongeza maji yanayopita, na uangalie kama maji hayo yalishapita kwenye mifereji mingine kabla ya kufika hapo. Ikiwa damu ni nyekundu ya kawaida, rudi kwenye tope na oksijeni ya lango la kutokea.

*Matamvua yamepauka lakini hematokriti ni 36.* Ute unaficha rangi. Ondoa kwa pamba iliyolowa na uangalie tena. Kama ute ni mwingi, peleka kipande kwenye darubini, kwa kuwa vimelea vya matamvua huzaliana haraka baada ya mafuriko.

*Sukari iko juu mifereji yote, hata Septemba.* Angalia tarehe ya vijiti, kisha mlo. Wape siku mbili bila chakula na urudie kwa samaki watano. Ikishuka, punguza wanga kwenye chakula. Isiposhuka, hesabu samaki upya: wengi waliodhani wana kilo 20 kwa kila mita ya ujazo wamekuta 40.

*Kipimo cha Julai kimeshuka pointi tano kutoka Septemba iliyopita, samaki wanakula kidogo lakini wako hai na wazima.* Linganisha na Julai ya mwaka uliopita kabla ya kuingia gharama. Kama huna ya mwaka uliopita, rudia baada ya wiki tatu kwa samaki watano: ikibaki pale pale ni baridi, ikiendelea kushuka peleka damu na samaki mzima mmoja aliye hai kwa daktari wa mifugo, kwenye maji yake yenye mapovu. Samaki aliyekufa njiani hataweza kumwonyesha kitu kuhusu damu.